Mshahara wa Mwalimu: Haki Imepotelea Wapi?

Mei Mosi 2025, kwenye sherehe za kitaifa mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai mwaka huo, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Tangazo lenyewe lilikuwa wazi. Mtaani likafika limegeuka: walimu wameongezwa asilimia 35. Yalikuwa marudio ya 2022, ilipotangazwa asilimia 23.3. Julai ya mwaka ule watumishi wengi wa ngazi za kati walitazama mishahara yao na kukuta nyongeza isiyofanana kabisa na tarakimu iliyokuwa midomoni mwa watu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiongeza asilimia 23.3 kwenye Sh300,000 unapata Sh370,000. Ukiongeza asilimia 35.1 kwenye Sh370,000 unapata Sh500,000. Asilimia hizo ni za kima cha chini, na kadiri ngazi ya mshahara inavyopanda, asilimia ya nyongeza inashuka. Mwalimu, hata yule wa cheti anayeanza kazi leo, tayari yuko juu ya kima hicho. Tarakimu iliyopigiwa makofi uwanjani haikuwa yake, lakini mwenye nyumba na mwenye duka waliisikia.

Ndiyo maana mjadala wa haki ya mwalimu hauishi wala hausogei. Anayesema mwalimu anaonewa na anayesema mwalimu hatosheki mara nyingi hawazungumzii mshahara mmoja. Mmoja ana ule wa kwenye tangazo, mwingine ana ule unaoingia benki mwisho wa mwezi. Uchambuzi huu unajaribu kuvitenganisha vitu vilivyochanganywa: kiwango, makato, saa, marupurupu na mafao. Unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano na Zanzibar ina viwango vyake.

Tulikotoka

Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto aliyefikia umri apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, hivyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi wakiwa kazini. Wanajulikana hadi leo kama walimu wa UPE. Miaka thelathini baadaye, shule za kata zilipochipuka kila kona, wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache. Hao wakabatizwa jina la "voda fasta". Januari 2016 ikaja elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na foleni za kuandikisha darasa la kwanza zikafurika.

Mara zote tatu mpangilio ulikuwa mmoja. Wanafunzi walitangulia, walimu wakafuata nyuma wakikimbizwa, na mshahara ukaja mwisho. Gharama ya mishahara ni idadi ya watu mara kiwango cha kila mmoja, na Serikali isiyo na fedha ya kutosha kupandisha vyote viwili ilichagua idadi. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki, na mamilioni ya watoto wa wakulima walijua kusoma kwa sababu yake. Lakini uliacha dhana iliyokomaa kwamba ualimu ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kusukumiwa, na kazi ya namna hiyo ni vigumu kuidaia bei.

Kisha likaja pengo la 2016 hadi 2021. Serikali ya awamu ya tano ilianza uhakiki wa watumishi. Waliokutwa na vyeti vya kughushi peke yao, katika orodha iliyotangazwa Aprili 2017, walikuwa 9,932. Hakuna mlipa kodi mwenye akili timamu aliyeupinga usafi huo. Tatizo ni kwamba wakati wa kusafisha, upandishaji wa madaraja ulisimama, na hata baada ya hapo nyongeza za mwaka hazikuonekana. Bei zilikuwa zikipanda kwa kati ya asilimia 3 na 5 hivi kila mwaka, na kufikia 2022 zilikuwa zimepanda kwa takriban robo. Weka robo hiyo kando ya asilimia 23.3 iliyotangazwa, utaona kuwa hata mtu wa kima cha chini alirudishwa tu karibu na pale alipokuwa. Aliyekuwa juu yake, mwalimu akiwamo, aliongezwa chini ya kile ambacho bei zilikuwa zimekula. Nyongeza za mwaka zilirejeshwa Julai 2023.

Madai ya walimu na uzito wake

Kipimo kinachotajwa sana ni Pendekezo la ILO na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Linasema mshahara wa mwalimu uendane na umuhimu wa kazi yake kwa jamii, usiachwe mbali na wa watu wenye sifa za kitaaluma zinazolingana, na umwezeshe kuishi na familia yake maisha ya staha. Katika mgogoro mkubwa wa mwisho, Julai na Agosti 2012, Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru walimu warudi darasani, na wakarudi.

Sehemu ya madai hayo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, na nyingine ni dhaifu kuliko chama kinavyokiri. Watu wengi hudhani mshahara wa msingi wa mwalimu mwenye shahada umeachwa mbali na wa ofisa mwenye shahada wa halmashauri. Kwa ngazi ya kuanzia, hawapishani sana. Wanapishana kwa vitu ambavyo haviko kwenye jedwali la mishahara. Ofisa ana vikao, ana safari za kikazi, ana semina, ana gari la idara linalompitisha mjini. Mwalimu ana chaki. Walimu wakuu wa msingi hupata posho ya madaraka ya Sh200,000 kwa mwezi, na wakuu wa sekondari Sh250,000, lakini mwalimu wa kawaida hana posho ya nyumba, wala hana kinachomfidia kwa kupangiwa kijiji ambacho pikipiki ya kutokea barabara kuu inakula nauli ya basi mara tatu.

Udhaifu uko kwenye ile posho ya kufundishia. Posho haiingii kwenye hesabu ya pensheni, kwa hiyo chama kinachoidai kinaomba fedha ya leo ambayo mstaafu wa kesho hataiona. Na kumlipa wa fizikia zaidi ya wa Kiswahili kunawagawa watu wanaokaa meza moja ofisini, ingawa uhaba wa walimu wa sayansi ni wa kweli na soko linawahitaji kwingine. Hili la pili lina hoja pande zote. La kwanza, kwa maoni yangu, halina utetezi.

Hazina inaona nini

Walimu ndio kundi kubwa kuliko jingine lolote katika utumishi wa umma, na hilo ndilo jinamizi la mwenye kuandaa bajeti. Chukua nyongeza ya Sh50,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakuna mwalimu atakayekishangilia. Kwa kila walimu 100,000, hiyo ni Sh bilioni 5 kwa mwezi na Sh bilioni 60 kwa mwaka. Mwajiri analazimika pia kuchangia asilimia 15 kwenye mfuko wa hifadhi, PSSSF, na asilimia 3 kwenye bima ya afya. Jumla inakuwa Sh bilioni 70.8.

Fedha hiyohiyo ingefanya nini kingine? Mwalimu mpya wa mshahara wa Sh800,000, pamoja na michango hiyo, anamgharimu mwajiri Sh944,000 kwa mwezi, sawa na Sh milioni 11.3 kwa mwaka. Nyongeza ambayo kila mwalimu angeiita ya kejeli ingetosha kuajiri walimu 6,250. Mzazi mwenye mtoto katika darasa la watoto zaidi ya mia angechagua nini? Na je, mwalimu wa darasa hilo, akiulizwa faraghani kama anataka elfu hamsini au mwenzake wa kugawana naye madaftari, angejibu haraka?

Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa kwa kusema fedha za magari zipo. Ila ina mpaka, na Serikali huuvuka mpaka huo kimyakimya. Inahusu nyongeza mpya. Haihusu madeni. Mwalimu aliyepandishwa daraja kwa barua na asibadilishiwe mshahara, aliyehamishwa kwa matakwa ya mwajiri bila kulipwa gharama, au anayesubiri nauli ya likizo ambayo taratibu za utumishi zinamtambulia kila baada ya miaka miwili, haombi kupandishiwa kiwango. Anadai. Mwajiri anayetumia ufinyu wa bajeti kuahirisha deni amejikopesha fedha ya mfanyakazi wake bila riba na bila kumuuliza.

Kinachobaki mkononi

Tuutazame kwa karibu mshahara huo wa Sh800,000, tarakimu iliyochaguliwa kurahisisha hesabu. Mwajiriwa anachangia PSSSF asilimia 5, yaani Sh40,000. Zinabaki Sh760,000 zinazotozwa kodi ya mapato, nayo kwa viwango vya sasa ni Sh68,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh24,000. Ada ya chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh16,000. Hata asiye mwanachama anaweza kukatwa, kwa kuwa sheria ya ajira ya 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi kutoza ada ya uwakala. Kama alisomeshwa chuo kikuu kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, Sh120,000. Jumla ya makato ni Sh268,000. Mkononi zinabaki Sh532,000, kabla hajakopa popote.

Kato kubwa kuliko yote hapo ni la Bodi, kubwa kuliko kodi. Asilimia 15 ilitokana na mabadiliko ya sheria ya 2016. Kabla yake ilikuwa 8. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa, nafuu ya kweli kwa waliokuwa wakilipa deni lisilopungua, ingawa kiwango cha kukata mshahara kilibaki palepale. Hapa kuna jambo ambalo mjadala wa nyongeza haulioni: kwa mwalimu kijana mwenye shahada, kurudisha kato hilo kwenye asilimia 8 kungemwongezea Sh56,000 mkononi, zaidi ya ile nyongeza tuliyoikokotoa kwa Hazina. Mkopo ungelipwa kwa miaka mingi zaidi, na mwanafunzi anayesubiri kukopeshwa angesubiri kidogo, kwa hiyo si fedha ya bure. Lakini ni fedha ambayo Serikali inarudishiwa.

Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Sharti hilo linayabana makato yanayopitia kwa mwajiri. Halimbani mkopeshaji wa mtaani, yule wa kausha damu, anayeshika kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri. Ukubwa wa biashara hiyo kwenye miji midogo ya wilaya unaeleza hali ya mishahara kuliko risala nyingi za Mei Mosi.

Saa ambazo hazina mwenyewe

Hoja ya mzazi huanzia hapa. Mwalimu anatoka saa tisa na nusu alasiri, ana likizo ya Juni na ya Desemba, mwaka wa masomo una siku 194. Mlinzi na muuza genge hawana raha hiyo. Kuna ushahidi mgumu zaidi. Utafiti wa viashiria vya utoaji huduma uliofanywa Tanzania mwaka 2010 ulikuta kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi alikuwa akifundishwa kwa saa mbili na dakika chache kwa siku, badala ya saa tano na zaidi zilizopangwa. Sehemu kubwa ya walimu ambao hawakuwa darasani walikuwa hapohapo shuleni.

Tarakimu hiyo haiwezi kufagiliwa chini ya mkeka, na chama cha walimu hakijawahi kuijibu vizuri. Lakini tuangalie pia saa ambazo ratiba haizioni. Mwenye darasa la watoto 90 akitoa zoezi moja na kutumia dakika mbili kwa kila daftari, amemaliza saa tatu. Akiwa na masomo mawili ni saa sita, na bado hajaandika andalio la somo, hajashika zamu, hajajaza PEPMIS, ule mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji unaotaka mtandao kwenye shule ambazo mtandao unapatikana kwa kupanda kilima. Madarasa ya mitihani yana vipindi vya alfajiri, vya Jumamosi, na makambi wakati wa hizo likizo zinazoonewa wivu. Likizo yake kama mtumishi ni siku 28 kama ya wengine.

Nionavyo, saa za mwalimu wa Tanzania ni nyingi kupita kiasi na chache kupita kiasi kwa wakati mmoja, kutegemea ni mwalimu gani. Katika shule moja, wa darasa la saba anazimia kwa kazi na wa darasa la pili anaota jua nje ya ofisi, na wote wawili wako kwenye daraja moja la mshahara. Mfumo hauna namna ya kumtambua wa kwanza wala ya kumuuliza wa pili. Hapo ndipo manung'uniko ya walimu na ya wazazi yanapokutana, ingawa pande hizo mbili zinazungumza kana kwamba ni maadui.

Je, fedha zaidi huleta ufundishaji zaidi? Indonesia iliongeza maradufu kipato cha walimu waliothibitishwa, na utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta walimu wameridhika zaidi na wamepunguza vibarua vya pembeni, lakini matokeo ya wanafunzi hayakubadilika. Hapa kwetu, jaribio la KiuFunza katika shule 350, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2019, lilikuta kuwa ruzuku kwa shule peke yake haikuinua alama. Bonasi kwa walimu kulingana na ufaulu ilileta matokeo ya kusuasua. Vilipounganishwa viwili hivyo, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana. Anayetumia Indonesia kuwanyima walimu nyongeza asome na KiuFunza. Ila na mimi niongeze kwamba haki ya mshahara haitegemei tu kama itaongeza ufaulu. Hakuna anayeuliza kama hakimu akiongezwa mshahara hukumu zake zitakuwa bora.

Kikokotoo

Hakuna jambo lililowachanganya watumishi kama hili la kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, na walimu wamo katikati yake, kwa sababu wengi wao walikuwa wanachama wa mfuko wa PSPF kabla mifuko ya pensheni haijaunganishwa mwaka 2018. Kanuni ya PSPF ilikuwa hivi: wastani wa mshahara wa mwaka, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 540. Nusu ya pensheni hiyo inazidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, nusu nyingine inalipwa kila mwezi. Baada ya kuunganisha mifuko ilikuja kanuni ya mkupuo wa asilimia 25. Kelele zilizofuata zikamfanya Rais John Magufuli aisitishe Desemba 2018. Julai 2022 ikaja asilimia 33, kigawanyo 580 na kizidisho 12.5. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kanuni ya asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25.

Mwalimu aliyetumikia miaka 30, wastani wa mshahara wake ukiwa Sh1,000,000 kwa mwezi, kwa kanuni ya zamani angepata mkupuo wa Sh milioni 62 na pensheni ya Sh333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya 580, 12.5 na asilimia 40, anapata mkupuo wa Sh milioni 37.2 na pensheni ya Sh372,000. Amepoteza karibu Sh milioni 25 siku ya kwanza ili aongezewe Sh39,000 kila mwezi. Kwa hesabu ya kawaida, bila faida wala mfumuko wa bei, atahitaji zaidi ya miaka 52 ya kustaafu ili arudishe alichopoteza.

Serikali inajibu kwamba kanuni ya zamani ilikuwa ya ukarimu ambao mifuko isingeumudu, na kwamba wanachama wa mifuko mingine, waliokuwa kwenye asilimia 25, wamenufaika. Yote mawili ni kweli. Ni kweli pia kwamba shimo la PSPF lilichimbwa kwa sehemu na mwajiri mwenyewe: wastaafu wake walilipwa kwa miaka ya utumishi ya kabla ya 1999 ambayo haikuwa imechangiwa, na Serikali ilianza kulifunika deni hilo kwa uzito mwishoni mwa 2021, kwa hati fungani maalumu ya zaidi ya Sh trilioni 2.

Uzito zaidi, kwangu, uko kwenye muda. Kanuni mpya kwa mwalimu wa miaka 25 ni suala la sera, anaweza kujipanga. Kanuni mpya kwa mwalimu wa miaka 57, ambaye nyumba yake iko kwenye linta ikisubiri mkupuo wa mabati, ni mkataba uliobadilishwa na upande mmoja.

Na hapa ndipo pengo la 2016 hadi 2021 linaporudi. Pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mishahara mizuri ya miaka ya mwisho. Daraja lililochelewa kwa aliye kazini ni maumivu yanayopita, maana Serikali imewapandisha wengi kwa utaratibu wa mserereko, yaani kuwafikisha moja kwa moja kwenye daraja walilostahili. Kwa aliyestaafu katikati ya kusimama kule, daraja halikuchelewa, lilipotea. Kama wastani wa mshahara wake ungekuwa milioni moja lakini uliishia Sh900,000, kila mwezi wa maisha yake pensheni inapungua kwa sehemu moja ya kumi, na mkupuo vilevile.

Foleni ya mlangoni

Wapo wanaosema soko limeshajibu. Walimu waliohitimu na wasio na ajira ni wengi kiasi kwamba mwanzoni mwa 2025 waliunda umoja wao, NETO, na nafasi zikitangazwa waombaji wanazidi nafasi kwa mbali. Kuna wanaojitolea shuleni kwa kifuta jasho kinachochangwa na wazazi. Kama kazi inalipa vibaya, mbona foleni haiishi?

Hoja inavutia kwa juu tu. Foleni hiyo inapangwa kwa ajili ya usalama wa ajira, bima na pensheni, katika nchi ambayo ajira zenye vitu hivyo ni chache. Shule nyingi za binafsi hazina vyote vitatu kwa pamoja. Lakini foleni inafundisha kitu ambacho chama hakipendi kukisikia: waliomo ndani na walio nje hawana masilahi yaleyale.

Kenya imelionyesha hili kwa uwazi. Kule tume ya walimu ni ya kikatiba, na vyama husaini mkataba wa pamoja wa miaka minne. Wa 2025 hadi 2029 ulisainiwa Julai 2025. Mwalimu wa Kenya ana posho ya nyumba na, akipangiwa maeneo yaliyoorodheshwa, posho ya mazingira magumu. Sisi tuna sheria ya majadiliano ya pamoja ya 2003 na viwango vinavyoshuka kwa waraka. Hata hivyo, mkataba wao wa 2021 ulianza bila shilingi moja ya nyongeza. Na nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyopewa na mahakama mwaka 2015 ilifutwa na Mahakama ya Rufani, baada ya mgomo wa wiki tano. Serikali iliyobanwa na mkataba ikatafuta njia ya pembeni: ikaajiri makumi ya maelfu ya walimu wanagenzi wa sekondari msingi kwa Sh20,000 za Kenya kwa mwezi, wenye mzigo uleule wa vipindi, hadi mahakama ikasema mwaka 2024 kuwa haki zao zimekiukwa. Waliolindwa walilindwa, na gharama wakaibeba wadogo zao.

Kupima

Swali la kama mwalimu analipwa kwa haki halina jibu moja kwa sababu lina madai ya aina tatu yaliyofungwa kamba moja. Dai la kiwango lina nguvu ya wastani. Linagongana na ajira mpya shilingi kwa shilingi, na katika nchi yenye madarasa ya watoto mia, nitasita kuliweka mbele. Dai la mazingira lina nguvu zaidi. Kumlipa sawa wa Kinondoni na wa kijiji cha mpakani Kigoma ni usawa wa karatasi tu, na ndio unaofanya kila anayepangiwa kijijini aanze kutafuta uhamisho kabla hajafungua mabegi. Posho ya mazingira magumu, ikilipwa kwa orodha ya shule inayojulikana na inayopitiwa kila baada ya miaka michache, ingegharimu sehemu ndogo ya nyongeza ya wote. Ingemuudhi wa mjini, ambaye naye ana kodi ya nyumba na nauli za daladala, na chama kingelazimika kumweleza.

Dai la tatu ni la ahadi: madaraja, malimbikizo, nauli, gharama za uhamisho, kanuni ya mafao aliyoajiriwa nayo. Hilo halina hoja ya kulipinga, na ndilo linalopata makofi machache kuliko yote kwa sababu halina asilimia ya kutangaza. Kila tangazo la kima cha chini lingeweza kutoka siku hiyohiyo na jedwali la madaraja yote, ili mwalimu wa ngazi ya mshahara ya TGTS D asikie yake na siyo ya mwingine. Kila barua ya daraja ingeweza kuwa na tarehe ya kubadilishiwa mshahara, na riba ikipita.

Kwa wale waliostaafu kati ya 2016 na 2021 madaraja yao yakiwa yamesimama, ingetosha kuwakokotolea upya pensheni kwa daraja walilostahili. Majalada yapo, tarehe za madaraja yao zimo ndani, na kanuni ni ya kuzidisha na kugawanya. Ni kundi lisiloongezeka, linapungua kila mwaka, na gharama yake inapungua nalo.